Neno Lililohamisha Ng'ombe

Kwetu Mapendo, mtaa wa Goma, kelele hazimshtui mtu. Motari wa pikipiki wakigombania abiria, spika za kanisa zikiwashwa kabla jogoo hajafikiria kuamka, mashine ya kusaga muhogo ikianza kunguruma nyuma ya choo, sisi tunakula tu. Lakini baba yangu akisimama mlangoni mwa saloni, sebule yetu, akakohoa kidogo, akashika ukosi wa koti lake kwa mikono miwili, vijiko vilisimama hewani. Tulijua linakuja, na lilikuja kweli.

"Hensifosi," alisema.

Kwenye vitabu vya Kiingereza linaandikwa henceforth. Nyumbani kwetu lilikuwa hensifosi, na sitaliandika vingine, kwa sababu nikiliona limeandikwa sawasawa naliona kama mgeni. Maana yake ni kuanzia sasa na kuendelea, bila kurudi nyuma. Ni hayo tu. Lakini ndani ya ile nyumba yetu ya mbao lilikuwa na nguvu kuliko komanda wa polisi, na lilikaribia kunikosesha bwana.

Baba hakufundishwa Kiingereza na mtu. Shuleni alisoma Kifaransa, tena kidogo. Kwao, kwenye vilima vya Masisi, walisema Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili sokoni, basi. Kiingereza chake chote alikipata kwa mzungu mmoja wa misheni, mzee wa kuvaa kaptura na soksi ndefu, ambaye kila Jumapili baada ya ibada alisoma matangazo kwa lugha yake, halafu mtafsiri akamfuata. Baba wakati huo alikuwa kijana wa kuchunga. Ng'ombe wa kijiji walikuwa na tabia ya kulala kwenye uwanja wa kanisa, na waumini walikanyaga mavi na viatu vyao vya Jumapili. Wazee wa kanisa wakalalamika, wenye ng'ombe wakaitika ndiyo, ndiyo, na ng'ombe wakabaki palepale wanacheua. Mpaka siku ile mzungu aliposimama, akakohoa, akashika ukosi wa koti lake, akasema hensifosi. Yaliyofuata baba hakuyaelewa, na mtafsiri siku hiyo alikuwa na malaria. Lakini Jumapili iliyofuata uwanja ulikuwa mtupu, majani matupu, hata ndama hakuna.

"Ile neno ilihamisha ng'ombe," alituambia maisha yetu yote. "Na munajua vile ng'ombe iko na kichwa nguvu."

Mama, aliyezaliwa kwenye kilima hichohicho, alisema ng'ombe waliondoka kwa sababu mzungu alijenga uzio wiki ile. Baba aliposikia habari ya uzio alijifanya anatafuta miwani.

Basi alipohamia Goma na kuanza biashara ya mbao, alikuja na neno lake. Mambo ya kawaida aliyaamuru kwa Kiswahili, nasi tuliyavunja kwa Kiswahili vilevile. Hensifosi aliitunza kwa mambo yaliyomchosha moyo. Hensifosi, mbuzi haingii saloni. Hensifosi, mutu hasemi kwa simu akiwa chooni. Hensifosi, samaki sambaza zinagawiwa kwa meza, si kwa sufuria, sababu kuna mutu fulani anaonja mpaka zinaisha. Mtu fulani nilikuwa mimi, na nasema mpaka leo kwamba nilikuwa naangalia chumvi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asitumie Kifaransa kama wakubwa wengine, aseme dezorme. Maana ni ileile. Baba alicheka kwa huruma, kama unavyomcheka mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguuni kushoto. Akaniambia dezorme tumeisikia redioni tangu tuzaliwe. Dezorme barabara zitatengenezwa. Dezorme umeme hautakatika. Dezorme ni neno la kutangaza, watu wakipiga makofi limekwisha kazi. Hensifosi halijawahi kutamkwa nchini mwetu na mtu wa serikali, ndiyo maana bado ni zima. Saa ileile umeme ulikatika.

Mama peke yake ndiye aliyekuwa haogopi. Yeye alilalamika kwamba neno hilo lina mwanzo lakini halina mwisho. Ukimwambia mtu asiingize mbuzi mpaka mvua iishe, anaelewa. Lakini kuanzia sasa na kuendelea, kuendelea mpaka wapi? Mpaka mbuzi afe? Na mbuzi mwingine je? Baba alimjibu kwamba utamu wake ndio huo. Mama akachukua mwiko wake akarudi jikoni, na mbuzi akamfuata.

Nilikuja kujua umri wa lile neno nilipomaliza shule na kwenda kutafuta kazi kule Himbi, kwenye buro moja, ofisi ya misaada, zile za ukuta mweupe na walinzi wenye redio begani. Nilikuwa nimesoma Kiingereza cha jioni, kile cha kukariri, na ndani yake nilikuwa nimeshona kipande cha baba. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe. Akaniuliza ningefanya nini kama shoferi angekuwa anachelewa kila asubuhi. Nikakohoa. Mikono yangu, Mungu ni shahidi, ilienda yenyewe kwenye ukosi wa blauzi. Nikamwambia kwamba hensifosi gari litaondoka na shoferi mwingine.

Yule mama aliacha kalamu ikaanguka. Alicheka mpaka akavua miwani akajifuta machozi. Aliniambia mtu wa mwisho aliyemsikia akilisema lile neno nyumbani alikuwa babu yake, akimkataza mbwa kupanda kitandani. Siku hizi, alisema, linakaa kwenye karatasi za mawakili, na kwa watu wanaofanya mzaha. Wengine wanasema tu kuanzia sasa, kama watu wa kawaida. Halafu akaniuliza kama mbwa angelitii, nami nikamwambia kwetu lilitiiwa na ng'ombe. Kazi nikaipata.

Nilirudi Mapendo na habari mbili, ya kazi na ya neno. Baba alifurahia ya kwanza. Kwa ile ya pili alitafuna muhogo wake taratibu.

"Wenyewe waliacha kuitumia?" akauliza. "Ndiyo maana mambo yao imeharibika." Kisha akajitazama koti lake, lile la rangi ya kahawa alilolinunua kwenye mitumba kabla sijazaliwa. "Kwani hii nayo ni mupya?"

Sasa nimlete baba mdogo. Baba yangu ana ndugu mmoja tu wa tumbo moja, mdogo wake, anayekaa Kibati, na hao wawili hawafanani hata kucha. Baba ni mrefu, mkavu, anaongea kama anayelipia kila neno. Baba mdogo ni mfupi, tumbo mbele, na mdomo wake haujawahi kulala njaa. Kazi yake ni kulima viazi, lakini sifa yake ni kusema kwenye mahari. Kwetu siku ya kuposa, msemaji wa upande wa binti na msemaji wa upande wa kijana wanapambana kwa maneno mbele ya watu. Huyu anasema tumekuja kutafuta ua, yule anajibu bustani yetu haina maua, labda mlipotea njia. Wanakwenda hivyo mpaka mmoja anaishiwa, na watu wanacheka mpaka fanta zinawatoka puani. Toka Kibati mpaka ziwani hakuna aliyemshinda baba mdogo kwa hilo.

Kosa lake ni kwamba hakujua kuacha kitu kitakatifu kikae. Katika mahari ya binti wa jirani yetu, watu wamejaa hema zima, baba yangu amekaa mstari wa mbele, baba mdogo alisimama akakohoa. Akashika ukosi kwa mikono miwili. Akatazama juu kama baba anavyotazama juu.

"Hensifosi," akasema, "munipatie fanta."

Hema lilianguka. Simaanishi turubai, namaanisha watu. Naye alipoona limependeza hakukoma. Hensifosi, habari ya asubuhi. Hensifosi, huyu bibi-arusi ameiva kama ndizi ya kipondo. Hensifosi, nani alikanyaga mguu yangu. Alilipaka juu ya kila kitu kama pilipili. Hakuna sentensi hata moja pale ndani iliyokuwa na kuanzia sasa wala na kuendelea.

Mbaya zaidi ni kwamba watu walikwenda nalo nyumbani. Juma lile Mapendo nzima ilikuwa inasalimiana hensifosi. Motari walimpigia baba honi wakipita, hensifosi muzee! Mama anayeuza makala, mkaa wa kupikia, alimuuliza kama anataka gunia, hensifosi. Hata mchungaji wetu lilimponyoka mdomoni madhabahuni, akajifanya anapiga chafya.

Baba hakusema kitu mpaka ndugu yake alipokuja Jumapili kula, kama kawaida, na kusalimia mlangoni kwa neno lilelile. Hapo baba aliinuka. Niliona sikio lake limekuwa jekundu, kitu ambacho kwa mtu wa rangi yetu kinahitaji hasira nyingi. Akakohoa kile kikohozi chenyewe.

"Hensifosi," akasema, "wewe hautapita tena kwa portaye yangu."

Portaye ndilo geti letu, la chuma, rangi ya bluu, alilolichomelesha kwa mikono ya fundi lakini kwa ukali wake mwenyewe. Baba mdogo alicheka, akidhani ni zamu ya baba ya kufanya mzaha. Halafu akaona uso. Akachukua kofia yake, akatoka bila kula, na Jumapili zilizofuata kiti chake kilikaa kitupu na hakuna aliyethubutu kukikalia. Mama alilia jikoni akasingizia vitunguu, siku ya kupika mboga ya lengalenga isiyokuwa na kitunguu hata kimoja.

Mambo yangekaa hivyo hata leo kama nisingependwa. Mchumba wangu ni fundi wa taa za sola, mpole, mtu wa kuomba samahani hata akipigwa kumbo yeye. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na aliyemlea ni shangazi yake, mama mmoja wa Masisi mwenye ng'ombe wake na msimamo wake. Shangazi aliposikia habari zetu alituma ujumbe uliokuwa na adabu yote na hauna mlango wa kutokea. Watakuja kutoa mahari. Watapokewa na ndugu ya baba yangu, kama inavyofanyika. Ndugu huyo asipokuwako, watakunywa fanta, watashukuru, watarudi kwao na ng'ombe wao na kijana wao.

Msimlaumu. Kwetu baba wa binti hafungui mdomo siku hiyo. Akisema mwenyewe itaonekana anauza. Anakaa kimya kama mwenye jino bovu, na ndugu yake anasema, anakataa, anakubali, na mwishoni anamtoa binti kwa neno lake. Binti asiyetolewa na baba mdogo au baba mkubwa, watu wanaulizana, huyu alitoka wapi, ameokotwa? Na baba yangu ana ndugu mmoja tu, yule wa Kibati, aliyefungiwa portaye.

Baba akasema ataweka jirani yetu fundi cherehani asimame kama ndugu. Shangazi akajibu kwa simu, kwa sauti tamu sana, kwamba fundi cherehani ni fundi cherehani.

Mama akajaribu kwa upole, kisha kwa kutopika. Mchungaji akaja na Biblia, akasoma habari za ndugu kusameheana, na baba akaitika amina mahali pote panapotakiwa. Mimi nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kibati, nikamkuta baba mdogo anachagua mbegu za viazi, amekonda. Yule mtu amekonda! Hakunifanyia mzaha hata mmoja, ndipo nikaogopa kwelikweli. Alisema nafsi yake inataka kuja hata kwa magoti, lakini hawezi kupita palipokatazwa na mkubwa wake. Mkubwa wake akifuta neno, atafika kabla simu haijakatwa. Nikamsihi amwombe msamaha kwanza. Akasema alikwishatuma msamaha mara nyingi kupitia mama, na ulirudi kama ulivyokwenda.

Nilirudi nimejaa vumbi na machozi, nikamkuta baba anapanga mbao uani. Kwetu mtoto haongei na baba yake vile nilivyoongea siku ile, lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtoto mwenye adabu asiye na bwana.

"Baba," nikamwambia, "kati ya mimi na ile neno, mulizala nani?"

Aliweka ubao chini. Alikaa juu ya rundo la mbao, akijipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. Nikaona kwamba anaumia, na kwamba kwa kweli hajui atokeeje.

"Wewe," akasema. "Lakini nikiirudisha, itakuwa dezorme."

Nikamwelewa, na ndilo lililoniuma. Mtu huyu hakuwahi kuwa na cheo. Mbao zake ziliwahi kuchukuliwa njiani na wenye bunduki, nyumba yake iliwahi kusukumwa na mlima ulipotapika moto, na watu wengi walimwahidi mambo mengi wakageuza asubuhi yake. Kitu kimoja tu duniani kilikuwa kinakaa pale alipokiweka, nacho kilikuwa neno lile. Nilikwenda kulala bila kumtakia usiku mwema, kwa sababu kumwelewa mtu si lazima kumsamehe.

Siku ya mahari ikafika. Tangu alfajiri nyuma ya nyumba kulikuwa na nyundo, ko, ko, ko, nikajua baba anatengeneza mabenchi, nikageukia ukutani. Dada zangu wa kanisa walinivika mushanana, lile vazi la kufungwa begani, wakaniambia nisilie nitaharibu poda. Nikaharibu poda.

Kwa desturi bibi-arusi hufichwa chumbani mpaka aitwe, lakini chumba changu kina dirisha linaloangalia uani, na pazia langu lina tundu ambalo sikulitoboa kwa bahati mbaya. Niliona kila kitu. Portaye imefunguliwa wazi yote, imefungwa maua. Hema limejaa. Upande huu watu wetu, upande ule watu wao, na katikati yao shangazi, amekaa wima, mkoba magotini. Baba yuko mstari wa mbele na koti lake, kimya kama desturi inavyotaka.

Msemaji wao alisimama na fimbo yake. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti nzuri ya redio. Akasalimia, akamshukuru Mungu, akasema wametembea vilima na mabonde, wamefika kwenye nyumba yenye moshi, na sasa wanauliza nani anawapokea. Fundi cherehani wetu akainuka. Maskini yule baba. Anajua kupima kiuno cha mtu kwa kumtazama, lakini maneno hayana kiuno. Alisema karibuni. Akafikiri, akaongeza karibuni sana. Akatazama kulia, akatazama kushoto, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai, akasema tena karibuni, safari hii kama anayeomba.

"Tunashukuru," akasema msemaji wao. "Na wewe uko nani wa binti?"

Fundi cherehani hakujua kudanganya. Alisema yeye ni jirani. Shangazi akafunga zipu ya mkoba wake. Niliisikia kutoka chumbani, zipu ile. Akaweka chupa ya fanta chini ya kiti, taratibu, na watu wake wakaanza kukusanya miguu yao. Mchumba wangu alitazama dirishani kwangu na uso wa mtu anayezama.

Hapo ndipo kofia ilipotokea.

Ukuta wetu wa nyuma ni wa mawe ya volkeno, meusi, yamepangwa mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu, na ng'ambo yake ni parseli, kiwanja cha fundi cherehani. Juu ya ukuta huo ilichomoza kofia nyeusi. Chini ya kofia kikatokea kipaji cha uso, halafu mashavu, halafu fimbo ya msemaji, halafu tumbo, ambalo lilikwama kidogo. Na mimi ndipo nikaona kilichoegemezwa upande wetu. Ngazi. Ngazi mpya, ya mbao nyeupe zenye utomvu bado, vidato vipana kwa mtu mfupi, kila kidato kimepigwa misumari mingi kuliko kinavyohitaji. Kule ng'ambo kulikuwa na nyingine kama hiyo. Ko, ko, ko ile haikuwa ya mabenchi.

Baadaye fundi cherehani alinisimulia kwamba pale mbele alikuwa anavuta saa tu. Asubuhi ile baba alimtuma Kibati kwa moto na ujumbe wa kusema hivihivi: "Nilisema portaye. Ukuta sikuisemea kitu."

Baba mdogo alikaa juu ya ukuta kama aliyepanda punda, suti yake ya kijivu imeshika mawe. Hema zima limegeuka. Msemaji wao alikuwa mdomo wazi na fimbo hewani.

"Samahani, wakwe," akauliza, "kwenu watu wanapitaka wapi?"

"Wageni wanapita kwa portaye," akajibu baba mdogo kutoka juu, anahema. "Mwenye kutoa binti anashuka. Hamukuambiwa kama huyu mutoto anatoka juu?"

Watu walipasuka. Akashuka kidato kwa kidato, makalio mbele, na katikati ya njia suruali ikashika msumari ikasema praa, lakini alikuwa amekwisha kuanza kusema na hakuna aliyeweza kumzuia. Alisimama mbele ya wakwe akificha mpasuko kwa kofia, akajitambulisha, ndugu ya baba, tumbo moja, ziwa moja. Shangazi akafungua zipu.

Walipambana mpaka jua likahama hema. Msemaji wao alisema wameona nyota nyumbani kwetu, baba mdogo akamwambia ile ni taa ya sola, na aliyeiweka ni kijana wenu mwenyewe, ajirudishie. Waliahidi ng'ombe, akawauliza kama ng'ombe hao wanajua kusali, kwa sababu sisi tuna historia na ng'ombe na kanisa. Mama alicheka mpaka akashikwa. Lakini mimi nilikuwa namtazama baba. Alikaa wima na uso wa jino bovu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mwisho wakaniita, nikatoka, nikasimama katikati. Ilibaki neno la kunitoa. Baba mdogo akageuka. Alimtazama ndugu yake, akauliza kwa macho, na baba akainamisha kichwa kidogo sana. Basi baba mdogo akakohoa. Akaachilia kofia, mpasuko ukaonekana na watu wote, akashika ukosi wa koti kwa mikono miwili.

"Hensifosi," akasema, "mutoto wetu ni mutoto wenu."

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa limekaa mahali pake sawasawa, kuanzia sasa na kuendelea, bila kurudi nyuma, na mimi nililia hadharani, poda yote ikaisha, hata shangazi alitafuta leso.

Jioni wageni wakatoka kwa portaye, wakiimba. Baba mdogo aliwasindikiza na fimbo yake, amelewa kidogo kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anaongea na kila mtu, mpaka alipofika kwenye ile chuma ya bluu. Hapo akasimama. Portaye ilikuwa wazi, barabara inaonekana, moto yake inamngoja nje. Akaitazama. Kisha akaweka fimbo kwapani, akageuka, akarudi polepole mpaka nyuma ya nyumba. Sisi tuliobaki tukamfuata.

Baba alikuwa ameshafika. Alikuwa ameshika ngazi kwa mikono yote miwili, mguu mmoja kwenye kidato cha chini isiteleze. Baba mdogo akapanda, anahema, suruali yake inafunguka na kufunga, na hakuna aliyetazama pembeni. Alipofika juu akakaa.

"Mukubwa," akasema, bila mzaha, "hii ngazi itabakia hapa mupaka wakati gani?"

Baba hakukohoa. Hakushika ukosi, mikono yake ilikuwa na kazi.

"Hensifosi," akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, kama mtu anayeomba. Baba mdogo akaitika kwa kichwa, akapitisha mguu wa pili, akashukia ng'ambo.

Ngazi ingali pale. Mvua imeigeuza rangi, na baba ameongeza pahali pa kushikia, kwa sababu ndugu yake naye anazeeka. Kuku wamejifanyia kulala kwenye vidato vya juu. Jumapili portaye inaachwa wazi tangu asubuhi, na baba mdogo anafika kwa nyuma, anawafukuza kuku kwanza, halafu anashuka, na baba ameishika ngazi.